Mazuku ya Ghorofa ya Pili

Chuma kilianza kupuliza siku ya kwanza ya baridi, mwezi wa kumi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Pétronille Kahindo alikuwa macho tayari. Mumewe, Modeste, alikuwa ameshuka ngazi robo saa kabla, akiwahi metro ya kwenda Schuman, ambako alisafisha maofisi ya wakubwa kabla wakubwa wenyewe hawajafika. Binti yao Gracieuse, wa miaka minane, alikuwa amelala nyuma ya pazia. Nyumba yao nzima ilikuwa chumba kimoja na jiko dogo, ghorofa ya pili, katika jumba kuukuu la Anderlecht, Ubelgiji, ambalo zamani lilikuwa la masista.

Sauti ilitoka chini ya dirisha. Sss. Ikanyamaza kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha sss tena, ndefu zaidi. Pale palikuwa na radiateur, chuma kizito chenye mbavu kumi, kilichopakwa rangi ya maziwa iliyokwisha babuka. Kwenye ubavu wa mwisho kulikuwa na kinundu cha shaba kisichozidi kidole gumba, na kinundu kile kilikuwa na tundu. Pétronille alisogeza kiganja chake. Kitu kilikuwa kinatoka. Hakikuwa na harufu, hakikuonekana. Hewa tu, iliyotoka ndani ya chuma ikiingia chumbani ambamo mtoto wake alikuwa amelala.

Alirudisha mkono kama aliyeumwa na nyuki.

Mtu wa nchi nyingine angesema ni kelele za nyumba ya kizee, akajifunika shuka. Lakini Pétronille alizaliwa upande wa Sake, karibu na Goma, kwenye milima ya moto, na huko ardhi yenyewe hupumua. Kuna vibonde vidogo, mashimo tu yenye majani mazuri, ambamo kabla ya jua kupanda hewa mbaya hulala kama maji ndani ya bakuli. Watu huiita mazuku. Mbuzi akiingia kula majani hatoki. Mbwa anayemfuata mbuzi hatoki. Na mtu hali kadhalika.

Pétronille alikuwa na miaka kumi na mmoja siku ile, na mdogo wake Rolande minane. Mwanambuzi alikuwa ameteleza kwenye kibonde nyuma ya shamba la maharage, na Rolande akamfuata. Alishuka hatua nne, akainama, kisha akajilaza ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, kama mtoto aliyechoka kucheza. Pétronille, juu ya ukingo, alicheka. Alimwita mvivu. Alimwita mara tatu kabla ya kuelewa, na alipotaka kushuka, mkono wa baba yake ulimshika shingoni kwa nyuma ukamtupa kwenye maharage.

Tangu hapo akawa mtu wa kuchungulia. Akiingia mahali pageni aliangalia kwanza sakafuni: kuna nzi aliyekufa? Kuna panya aliyekauka? Alijua sheria zote ambazo wakubwa wa Sake waliwafundisha watoto wao. Usilale chini. Usishuke bondeni kabla ya jua. Na ukiwa na shaka, tanguliza moto: shusha taa ya kibatari hadi chini, ukiona mwali umezimika, geuka ukimbie.

Na sasa, katikati ya Ulaya, mazuku ilikuwa imemfuata hadi ghorofa ya pili, ikitoka kwenye tundu la shaba.

Modeste aliporudi mchana, alimwambia. "Modeste, ile chuma iko napuliza."

"Ni chauffage, chérie. Iko nachemusha nyumba."

"Inapuliza nini?"

"Joto! Ulitaka ipulize nini, clarinette?" Akavua viatu, akacheka peke yake, na kabla chakula hakijaiva alikuwa amelala. Alikuwa na kazi ya pili jioni, kulinda ghala moja nyuma ya kituo cha treni cha Gare du Nord. Kwa mke wake alikuwa mtu wa viatu mlangoni na mkoromo.

Kwa hiyo Pétronille akailinda nyumba peke yake. Kitanda cha Gracieuse alikipandisha juu ya makreti manne ya bia, mpaka mtoto akawa anapanda kulala kama anayepanda lori. Kila jioni aliwasha mshumaa, akauweka sakafuni karibu na chuma, akachuchumaa na kuutazama. Mwali ulisimama wima. Alishukuru, lakini hakuamini. Mazuku haiji kila siku.

Mwezi wa kumi na moja akachoka kungoja, akaamua kupunguza kile kilichokuwa kinaingia. Chini ya radiateur, pale bomba lilipotokea sakafuni, kulikuwa na robine ya kufungulia na kufungia, yenye usukani mdogo wa mbao. Aliuzungusha nusu. Akafikiri: nusu ya hewa mbaya ni afadhali kuliko yote.

Asubuhi iliyofuata risasi zililia ndani ya nyumba.

Ta! Ta-ta! Ta! Pétronille alimvuta mtoto kutoka juu ya makreti, akamlaza kwenye kona ya jiko, akamlalia kwa mwili wake wote. Alikuwa ameuacha mji wa Goma mwezi wa tisa, na mwezi uliofuata redio ikaanza kuwasimulia vita na mambo yale aliyokuwa ameyakimbia. Sasa yalikuwa hapa. Ta! Ta! Bomba lilikuwa linatetemeka. Jirani wa juu alianza kupiga sakafu kwa ufagio na kutukana kwa Kiflamand. Hatimaye mtu akagonga mlango.

"Fungua, Maman! Ni Kazadi, wa chini!"

Papa Kazadi alikuwa mlinzi wa jumba, mzee wa Lubumbashi mwenye tumbo la heshima. Kabla ya kufika Ubelgiji alikuwa amechunga majiko ya mvuke miaka ishirini na miwili kwenye kiwanda cha shaba, kule Likasi. Aliingia bila kuvua kofia, akaenda moja kwa moja kwenye robine, akaizungusha mpaka mwisho. Bomba likapiga mara mbili tena, likanung'unika, likanyamaza.

"Nani alifanya nusu?" aliuliza.

Gracieuse alichungulia kutoka jikoni, akamwelekezea mama yake kidole.

"Maman, hapa hakuna nusu. Ao wazi kabisa, ao funga kabisa. Ukifanya nusu, maji haipate njia ya kurudia, mvuke inaikuta mu njia, inaipiga makofi. Njo ile ulisikia." Kisha akatabasamu. "Ulifikiri ni banani, askari? Bantu ya Kivu, quand même! Hata chauffage inawakimbiza."

Alitoa bisibisi, akang'oa usukani wa mbao, akautia mfukoni ili mtu asiguse tena. Nyuma yake kinundu cha shaba kilianza kupuliza, sss. Hapo ndipo Pétronille angeuliza. Neno lilikuwa mdomoni: na hii, Papa, inatoa nini? Lakini mzee alikuwa bado anatabasamu, na Pétronille alikuwa amesoma miaka minne tu ya shule, na kwa siku moja alikuwa amechekwa vya kutosha. Alisema, "Merci, Papa," akafunga mlango.

Wiki moja kabla ya Noeli alimnunulia Gracieuse pakiti nzima ya ubani wa kutafuna. Mtoto hakuamini bahati yake. "Yote, Maman?" "Yote. Tafuna, unipe." Pétronille alilipokea donge moja moja, akalikandamiza kwenye lile tundu, akazungusha juu yake utepe wa gundi mara saba. Chuma kikavuta pumzi. Kikajaribu. Kikanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kitamu kuliko sikukuu. Usiku ule alilala mpaka Modeste akamruka kwenda kazini, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu wafike.

Lakini kabla ya siku kwisha, chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Imekufa?" Modeste aliuliza, akiweka kiganja.

"Papa Kazadi anajua. Kuna kipande anangojea."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mumewe, na aliuona ukitoka mdomoni bila kutetemeka. Alikuwa amepima. Baridi unaiona, unaisikia, unaivalia sweta. Mazuku huivalii kitu.

Kisha mwaka ukaisha na baridi yenyewe ikaja, si ile ya kwanza ya kujaribu watu, bali mama yake. Maji ya mfereji yaliganda hadi vijana wakatembea juu yake. Kioo cha dirisha kiliota majani meupe ya barafu kwa ndani. Pétronille alibandika utepe kwenye nyufa zote za dirisha, akatia matambara chini ya mlango. Gracieuse alilala na koti na kofia, na tarehe mosi Januari kikohozi kikamshuka kifuani. Alikohoa kama mbuzi. Pumzi yake ilionekana, kiwingu kidogo juu ya kitanda cha makreti, na Pétronille alikaa akikitazama kiwingu kile kikitoka na kurudi, akihesabu.

Siku ya pili, Alhamisi, mara tu Modeste alipotoka kwenda ghalani, alikoitwa siku hiyo kwa zamu ya mchana, alimwacha mtoto kwa jirani kwa saa moja, akapanda metro hadi Matonge, mtaa wa Wakongo, dukani kwa Maman Lucienne. Mbele Lucienne aliuza makayabu ya samaki wa chumvi na sombe ya majani ya muhogo. Nyuma, kwa wanaojuana, aliuza vingine.

"Mbabula iko?"

"Ulikawia, dada. Wenzako wamezimaliza. Baridi hii! Imebakia hii moja, na makala ya mwisho." Lucienne alimfungia jiko na mkaa kwenye gunia. "Lakini washa inje, moshi iishe kwanza. Usinikohoze watoto."

"Ninajua mbabula, yaya," alisema, kama kwa dada mkubwa.

Alijua kweli. Nani wa Goma asiyejua? Jiko la bati lenye matundu, makala juu, majivu chini. Aliliwasha uani, akalipepea kwa kifuniko cha boksi mpaka moshi ukaisha kabisa na makala yakawa mekundu, safi, bila ulimi. Akalipandisha ngazi mbili akilishika kwa vitambaa, akamchukua mtoto kwa jirani, akafunga mlango, akarudisha matambara chini yake.

Joto likaja. Halikupuliza, halikupiga risasi. Lilikuwa joto la kwao, la kukaa nalo uso kwa uso. Majani meupe yalianza kuteleza kwenye kioo. Alibandika sufuria ya maji yenye majani ya mkaratusi, ili baadaye amfukize mtoto chini ya blanketi. Gracieuse alinyoosha vidole juu ya moto akasema, "Maman, inanuka sawa kwa nyanya yangu." Pétronille akacheka kwa sauti, akajishangaa.

Hata hivyo, mchunguliaji ni mchunguliaji. Aliwasha mshumaa, akauweka sakafuni. Mwali ulisimama wima, wa manjano, mwembamba. Hakuna kitu. Alimpandisha mtoto kitandani, juu kabisa, mbali na chini, akakaa kwenye kiti na kuanza kuchambua maharage.

Saa tisa alasiri ilikuwa imepita kidogo Gracieuse aliposema, "Kichwa kinauma."

"Ni mafua. Lala."

Baada ya muda mtoto aliinuka akatapika pembeni mwa kitanda. Pétronille alisimama kufuata kitambaa, na magoti yake hayakumjibu. Alishika meza. Akajisemea kwamba hajala tangu asubuhi. Kitu kilikuwa kinagonga ndani ya paji la uso wake, polepole, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Alitazama sakafuni. Mshumaa uliwaka vizuri. Aliuambia moyo wake: tazama, unawaka. Moyo ukakataa.

"Gracieuse."

Mtoto alikuwa amejilaza ubavu. Mkono mmoja ulikuwa chini ya shavu. Midomo yake, iliyokuwa ya bluu kwa baridi asubuhi, sasa ilikuwa myekundu na kung'aa kama iliyopakwa mafuta ya rangi. Alionekana mzima kuliko siku zote. Alionekana amechoka kucheza.

"Gracieuse! Weye!"

Mshumaa ulisema hakuna kitu. Sheria zote za Sake zilisema hakuna kitu: kitanda kiko juu, mwali umesimama, moshi umekwisha. Na pale kitandani mtoto wake alikuwa amelala kama Rolande. Pétronille alikuwa na nafasi ya kuamini kimoja tu. Akaamini macho yake.

Alimvuta mtoto kwa koti. Wote wawili wakaanguka, makreti yakaangukia mbavu zake. Mlango ulikuwa hatua tano, na hatua tano zilikuwa safari ya siku nzima. Alitambaa, koti la mtoto kwenye meno na mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili ulikuwa umelala. Matambara aliyoyatia mwenyewe yalikaza mlango. Alivuta mara moja, haukufunguka. Akavuta mara ya pili kwa uzito wa mwili wote, akitumia kuanguka kwake kama nguvu, na baridi ya ngazini ikampiga usoni kama ndoo ya maji.

Papa Kazadi aliwakuta kwenye ngazi ya tatu, kichwa chini. Aliangalia mlango ulio wazi, akaona wekundu ndani, akatoa tusi ambalo hapa halitaandikwa. Alipita akiziba pua kwa kofia, akapiga dirisha kwa teke, kisha akashuka mbio kupiga simu, cent, mia moja, ile namba ya ambulansi. Aliporudi alimkuta Pétronille ameketi, mtoto mapajani, akimpiga makofi madogo mashavuni na kumwita mvivu, mvivu, amka, mvivu.

*

Hospitalini walimfunika Gracieuse uso kwa kikombe cha plastiki chenye hewa safi, na mama yake vilevile, kitanda kwa kitanda. Ijumaa asubuhi daktari, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alieleza, na Modeste akageuza maneno kwa Kiswahili bila kumtazama mkewe. Makala yanayowaka ndani ya nyumba iliyozibwa hutoa gesi. Haina harufu, haina rangi, na haingoji moshi. Haikai chini, inachanganyika popote, juu na chini sawasawa. Inaingia kwenye damu na kukaa pale ambapo hewa ingekaa.

"Na moto ya mshumaa?" Pétronille aliuliza. "Mshumaa iliwaka."

Modeste aliuliza. Daktari alitikisa kichwa.

"Anasema mshumaa haijue. Muntu anakufa, mshumaa inaendelea kuwaka tu."

Huko kwao, mbabula hukaa ndani ya nyumba ya mbao, na upepo hupita kati ya ubao na ubao kama mgeni asiyebisha. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba upepo ule ndio uliokuwa mlinzi wao. Hapa alikuwa ameufungia nje kwa utepe.

"Mutoto atapona," Modeste alisema. "Anasema robo saa tena..." Hakumaliza. Kisha akasema jambo la mwisho ambalo daktari alikuwa amelisema. "Anauliza kuna nini na watu wetu. Tuko famille ya tatu tangu Noeli."

Pétronille alifumba macho. Alipoyafumbua alimwambia kuhusu ubani wa kutafuna. Alimwambia yote, mpaka uongo. Modeste alikaa, mikono yake yenye harufu ya sabuni ya maofisi ikiwa magotini. Alisema tu, "Ungeniamusha."

"Ulikuwa unachoka."

"Ungeniamusha, Pétronille."

Pétronille alipotolewa jioni ile, mtoto akibaki mpaka kesho yake, Papa Kazadi alikuwa anamngoja mlangoni pa jumba, ameshika donge la ubani lenye utepe kati ya vidole viwili. Hakucheka. "Kuya," alisema. "Leo unashuka na miye."

Kulikuwa na ngazi kumi na nne za kwenda chini ya ardhi. Kwenye ya kwanza miguu yake iligoma. Shimo, giza, joto likipanda kutoka chini: kila kitu alichofundishwa kukimbia kilikuwa mbele yake. Mzee alitangulia, hakumharakisha. Pétronille alishuka akishika ukuta, macho sakafuni, akitafuta nzi waliokufa.

Chini kulikuwa na birika la chuma kubwa kama gari, limevikwa nguo nyeupe ya kuzuia joto. Pembeni yake kulikuwa na kimirija cha kioo, na ndani yake maji yalikuwa yakicheza polepole.

"Hii njo chaudière. Ni sufuria tu, Maman, usiiogope jina. Moto iko chini, maji iko ndani. Maji ikichemuka, unaweza kuongeza moto namna gani, haizidi pale. Sasa ile moto yote inaenda wapi?"

"Sijue."

"Maji inaikunywa. Inageuka mvuke, na moto imefichama mule ndani. Mvuke ni nyepesi, inapanda yenyewe, haina pompe, haina muntu wa kuisukuma. Inapanda mpaka kwako. Inakuta chuma ya baridi. Pale inakuwa maji tena, na moto yote yenye ilikunywa huku, inaitapika mu chuma. Chuma inachemuka, inachemusha chumba. Maji inashuka, tone tone, na bomba ile ile, inarudi kwangu. Hakuna kintu inaingia mu nyumba yako. Ni joto tu inavuka chuma."

Pétronille alifikiria kifuniko cha sufuria, jinsi kinavyotoa jasho. Alifikiria siku alipofungua ugali wa kufunikwa kwa majani ya mgomba, mvuke ukambabua mkono vibaya kuliko maji ya moto yalivyowahi kufanya. "Ndiyo maana mvuke inaunguza kupita maji," alisema taratibu. "Inakutapikia."

"Voilà! Miaka ishirini na mbili nimefundisha mainjinia, hakuna mwenye alisema vizuri vile."

"Na ile sss?"

"Chuma ikilala baridi inajaa hewa. Hewa ya chumba chako mwenyewe, ile unapumua. Mvuke ikifika inaiambia: pisha. Hewa inatokea ku katundu. Kisha, mvuke yenyewe ikigusa kale kanundu, joto inakafunga. Donc, ukisikia sss, ujue mvuke iko njiani. Ukinyamazisha, hewa haina pa kutokea, mvuke inabakia ku mlango kama mugeni mwenye wamemunyima ruhusa." Alilitupa donge la ubani kwenye ndoo. "Ungeniuliza, Maman."

"Ungenicheka, Papa."

Mzee alijikuna chini ya kofia. "Ningekucheka, ndiyo," alisema. "Nisamehe."

Pétronille aliitika. Lakini hakuwa tena pale na birika na mzee. Alikuwa anasikia sauti ya daktari, famille ya tatu, na nyuma ya sauti hiyo nyingine, ya Lucienne, iliyomfanya ashike ukuta kwa mikono miwili. *Wenzako wamezimaliza.*

*

Gracieuse alirudi Jumamosi, mwepesi, mwenye njaa, akidai ubani wake. Jumapili Pétronille alimwacha na baba yake, akaenda kwenye kundi la sala huko Matonge. Kulikuwa na wanawake kama ishirini, na Lucienne alikuwa mbele, kitambaa kichwani kama taji. Pétronille alikuwa hajawahi kusimama kusema mbele ya watu. Alisimama. Alisema kwa sauti iliyopasuka kwamba alikaribia kumuua mtoto wake kwa mbabula, Alhamisi, mchana kweupe, moshi ukiwa umekwisha.

"Haa!" mmoja akasema. "Tumekulia ku mbabula sisi wote!"

"Na madirisha ya kwenu ilikuwa na vioo?" Pétronille aliuliza. "Ilikuwa na utepe?"

Lucienne alikuwa amesimama pia. "Pétronille, unataka kuniharibia jina mbele ya Mungu?"

"Yaya, jina yako sikuitaja. Niambie tu nani alinunua. Wote."

"Miye niseme siri za bateja yangu sasa?"

"Nikupigie magoti? Nitapiga." Na akapiga, palepale, kati ya viti, kwenye sakafu ya baridi, yeye aliyeogopa chini kuliko kitu chochote duniani. "Nani alinunua?"

Lucienne aliuma mdomo. Alihesabu kwa vidole: huyu yuko hapa, huyu yuko hapa, na hawa wawili wakainamisha macho wakaahidi kwa haraka kuyatoa majiko nje. Kidole cha tatu kilikuwa Pétronille mwenyewe; cha nne kilibaki hewani.

"Anne-Marie," alisema, na uso wake ukabadilika. "Yule alizaa mwezi uliopita. Hakukuya leo."

Saint-Gilles, alikokaa Anne-Marie, haikuwa mbali, lakini walikwenda karibu mbio, Lucienne akishika taji lake kwa mkono, Pétronille mbele akiteleza kwenye barafu, akisali bila maneno. Ngazi za nyumba zilikuwa nyembamba na hazikwisha. Ghorofa ya nne Pétronille alipiga mlango kwa ngumi mbili. Hakuna aliyejibu. Akapiga kwa bega. Lucienne, aliyekuwa na mwili wa kazi hiyo, alimsogeza, akapiga yeye.

Mlango ukafunguliwa kabla haujavunjika. Anne-Marie alisimama pale amejifunga blanketi, macho mazito, mkono kwenye paji la uso. "Mna nini? Nimelala kidogo. Kichwa..."

Nyuma yake, katikati ya chumba, makala yalikuwa mekundu, safi, bila ulimi. Kando yake, kwenye kikapu, kulikuwa na mtoto mchanga.

Pétronille alimkwepa Anne-Marie. Alipita mbabula, akapita kikapu, akafika dirishani, akang'oa utepe kwa kucha, ukanda mrefu ukamfuata kama utumbo, akasukuma dirisha likafunguka lote. Baridi ikaingia na theluji yake.

"Maman, unafanya nini!" Anne-Marie alipiga kelele. "Mutoto atakufa na baridi! Funga! Lucienne, mwambie afunge!"

Lucienne alikuwa amekwisha kushika jiko alilouza mwenyewe kwa upindo wa kanga, anashuka nalo.

"Funga, miye nasema!" Anne-Marie alimvuta Pétronille mkono, akamkwaruza, akaanza kulia. Upepo ulikuwa unalitaka dirisha lirudi. Pétronille alilishika kwa mikono yote miwili, akaegemeza mgongo wake, theluji ikimwingia shingoni, na hakuondoa macho kwenye kikapu. Blanketi dogo lilikuwa limetulia. Akangoja. Likapanda. Likashuka. Akangoja tena, akihesabu, meno yakigongana, mpaka kutoka mle ndani mtoto akakunja uso, akafungua mdomo, akaanza kuulalamikia upepo kwa nguvu zake zote.